Je, Hiyo ni Amri?

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki baada ya filamu. Najua saa za daladala, na najua wengine mmeacha watoto kwa jirani, kwa hiyo atakayeinuka katikati ya maneno yangu aende kwa amani. Taa zilipowashwa nimeona watu wanapangusa macho, na nimeona wengine wameinama kutafuta viatu ambavyo hawakuvivua. Hao nao nimewaelewa.

Mwenyekiti aliponialika aliniomba nieleze mila za samurai. Nitamkosea adabu kidogo. Mila zile zina vitabu vyake, na dakika ishirini kabla ya chai hazitoshi hata kufunga mkanda wa kimono. Nimekuja na neno moja, nalo mmelisikia sasa hivi, dakika ya mwisho kabisa. Munezo, samurai wa filamu hii, amepanda kilimani kumfuata Kie, binti aliyekuwa akimtumikia nyumbani. Amekwisha kuvua usamurai, hana mapanga kiunoni. Anamwambia anakwenda Ezo, kaskazini kabisa, kuanza biashara, na anataka waende pamoja wakiwa mume na mke. Kie anamuuliza: hiyo ni amri? Munezo anajibu kwamba ndiyo, ni amri. Na Kie anasema kama ni amri basi hana budi kutii.

Ukumbi mzima umecheka. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilijiuliza nimecheka nini hasa, na tangu hapo neno hilo halijanitoka.

Kwa waliochelewa, au waliosinzia pale kwenye theluji, na nimewaona: filamu hii ni ya mwaka 2004, ya mwongozaji Yoji Yamada. Jina lake la Kijapani ni Kakushi ken: Oni no tsume, tuseme Upanga wa Siri: Kucha la Zimwi. Yamada alizaliwa mwaka 1931, na kwa miongo mingi Wajapani walimjua kwa vichekesho vya mchuuzi mmoja mzururaji anayependa kila mwanamke na asiyeoa hata mmoja. Alikuwa amepita miaka sabini alipogusa samurai kwa mara ya kwanza. Alifanya filamu tatu mfululizo, mwaka 2002, 2004 na 2006, zote kutokana na hadithi za Shuhei Fujisawa, mwandishi aliyezaliwa Tsuruoka, kaskazini-mashariki ya Japani. Jimbo la Unasaka mlilolisikia hamtalikuta kwenye ramani. Fujisawa alilitunga akiwa na picha ya kwao moyoni, jimbo la zamani la Shonai.

Jambo moja linapotea kwenye maandishi ya chini ya skrini, nami naona uchungu lipotee. Watu wale wanaongea lafudhi ya nyumbani kwao. Kijapani chao si cha mji mkuu. Ni kama mtu atengeneze filamu ya mashujaa halafu wahusika wote waongee Kimakunduchi, kuanzia mkuu wa ngome hadi mpika wali. Kwa hiyo Mjapani wa Tokyo anayeitazama anawasikia kama shangazi zake wa shamba. Samurai ameshushwa kutoka kwenye sanamu ya shaba, amekalishwa jikoni.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na samurai wetu. Alikuwa mtu wa kuruka juu ya paa. Alikuwa na upanga usiokwisha makali na damu inayochuruzika kama bomba limepasuka, na msimuliaji pale mbele akituwekea maneno aliyojitungia mwenyewe. Sikumbuki hata siku moja kumwona samurai yule anakula, au anadaiwa, au anaumwa jino. Na ndiyo maana ya kuwaleteeni Yamada. Samurai wake wa filamu ya kwanza, Seibei, ni karani wa stoo ya ngome. Mshahara wake ni koku hamsini za mchele kwa mwaka, na koku moja ni kiasi cha kilo 150. Ana mama aliyepoteza kumbukumbu, ana mabinti wawili, mkewe amekufa kwa kifua kikuu. Jioni wenzake wakienda kunywa yeye anarudi nyumbani kutengeneza vitundu vya kufugia wadudu apate hela ya nyongeza. Ikifika siku ya kupigana, tunagundua kwamba upanga aliokuwa akitembea nao ni wa mianzi. Ule wa chuma aliuuza kumzikia mke.

Mwaka 2003 Hollywood nayo ilitoa samurai wake wa mwisho, Tom Cruise akiwa katikati. Mtu yule yule aliyecheza Seibei, Hiroyuki Sanada, yumo humo pia, safari hii akiwa amekunja uso mwanzo hadi mwisho. Katika filamu ile samurai wanaikimbilia mizinga kwa farasi na mapanga, kwa sababu bunduki ni uchafu. Inapendeza kutazama. Lakini uasi ulioizaa hadithi ile, uasi wa Satsuma wa mwaka 1877 chini ya Saigo Takamori, ulipiganwa na samurai wenye bunduki na mizinga. Risasi zilipowaishia ndipo walipobaki na mapanga. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyechagua upanga na mtu aliyeishiwa risasi. Filamu nyingi za samurai zimejengwa juu ya kuificha tofauti hiyo.

Yamada haifichi. Rudini pale uwanjani. Tuko miaka ya mwanzo ya 1860. Mwaka 1853 meli nyeusi za Kamanda Perry wa Marekani zimeingia ghuba ya Edo, Tokyo ya leo, na mwaka uliofuata nchi iliyojifungia zaidi ya miaka mia mbili imetia saini mkataba. Huko Unasaka, mbali na yote hayo, analetwa mwalimu kutoka Edo kufundisha vita vya Kizungu. Na somo la kwanza, mmeona wenyewe, ni kutembea. Watu wazima, wenye vishungi kichwani, wanafundishwa kutembea. Mguu huu mbele, mkono ule mbele. Wengine wanapeleka mkono na mguu wa upande mmoja, wanagongana, wanaanza upya. Kisha wanafundishwa kukimbia, maana samurai wa heshima hakimbii ovyo, na mwalimu amekata tamaa kabisa.

Tumecheka hapo pia. Ila tazameni Yamada alivyo mjanja. Angeweza kutuonyesha mila inakufa kwa kuchoma ngome. Ametuonyesha mtu mzima ambaye miguu yake mwenyewe haimsikilizi. Mila huwa imekaa huko, kwenye nyonga na mabega, na kuitoa huko ni kazi kuliko kuitoa kwenye sheria. Halafu kuna mjomba wa Munezo, yule mzee anayewaka kwa hasira juu ya silaha za moto kwenye shughuli ya kumbukumbu ya marehemu. Kila ukoo unaye mjomba huyo. Mimi wa kwetu alikuwa anagombana na kalkuleta.

Sasa nije kwa Kie. Nilipokuwa naandaa maneno haya nilikwama, nimwite nani kwa Kiswahili? Mjakazi? Hapana, hakununuliwa, na neno hilo kwetu lina historia yake nzito. Mtumishi wa ndani ni neno la fomu ya serikali. Nikaishia kwenye hausigeli, kwa sababu ndivyo tunavyosema, na kwa sababu neno hilo linatuuma kidogo pale linapopaswa kutuuma. Ni binti wa mkulima aliyepelekwa nyumba ya samurai kufanya kazi na kujifunza adabu. Amefundishwa kupika, kushona, kupiga magoti sawasawa. Yeye na bwana wake wanapendana bila kulitaja, na hawalitaji kwa sababu hakuna pa kulitajia. Samurai na familia zao walikuwa kama watu sita katika kila mia, na ndoa zao zilihitaji kibali cha wakubwa. Mkulima alikuwa daraja la chini, mfanyabiashara la chini zaidi, angalau kwenye karatasi.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu Kie anaozwa nyumba ya wafanyabiashara, Iseya, na fedha iko kule. Kila mtu anaona amepanda ngazi. Miaka mitatu baadaye Munezo anakutana naye dukani, theluji imejaa mjini, na yule binti aliyekuwa na mashavu amebaki macho. Anampungia mkono kwa adabu. Baadaye habari zinakuja kwamba amelala kitandani, hapewi daktari, mama mkwe amemfanyisha kazi hadi ameanguka.

Pale Munezo anapoingia nyumba ile bila kuvua adabu yake na bila kupiga hodi ya pili, na kumkuta Kie amelazwa kwenye chumba cha giza kama gunia lililosahauliwa, ndipo anapofanya tendo lake la kishujaa kuliko yote ya filamu hii. Hachomoi upanga. Anambeba mgongoni na kutoka naye. Na akiwa anatoka anamtaka mume aandike karatasi ya talaka.

Hapa kina mama wamenielewa kabla sijamaliza sentensi. Karatasi! Katika Japani ya wakati ule talaka ilikuwa karatasi anayoandika mwanamume, na watu waliiita kwa urefu wake: mistari mitatu na nusu. Mistari mitatu na nusu, na mwanamke yuko huru kuolewa tena. Bila hiyo hana pa kwenda. Palikuwa na hekalu mjini Kamakura, Tokeiji, ambako mwanamke aliyefanikiwa kukimbia na kuvuka lango aliweza kukaa chini ya ulinzi wa watawa mpaka ndoa yake ivunjwe. Wengine walifukuzwa na waume zao hadi mlangoni. Kie hakuwa na nguvu ya kufika hata mlango wa chumba chake. Kwa hiyo mgongo wa Munezo ndio uliokuwa hekalu lake.

Tuna methali yetu, mwacha mila ni mtumwa. Nimeisikia kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye kampeni nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siibishi. Nauliza tu, tukiwa tumekaa hapa baada ya filamu hii, mila ya nani? Nyumba ya Iseya haikuvunja mila hata moja. Mama mkwe ana haki juu ya mkaza mwana, mkaza mwana anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, mgeni haingilii mambo ya nyumba ya watu. Yote yalifuatwa. Aliyevunja mila siku ile ni Munezo, na mji mzima ulimsema. Walimsema tena alipomweka nyumbani kwake apate nafuu, samurai ambaye hajaoa anaishi na mke wa mtu aliyemwiba. Na maneno yakazidi mpaka yeye mwenyewe akamrudisha kijijini kwao.

Alimrudisha vipi? Kwa amri. Hili ndilo nililolikosa mara ya kwanza. Hakuwa na namna nyingine ya kusema naye. Tangu Kie aingie nyumba ile, kila kilichotoka kinywani mwa Munezo kwenda kwake kilikuwa agizo, hata pale alipokuwa mpole: kula, pumzika, usilie. Lugha yenyewe ilikuwa imewapangia ngazi, huyu juu, yule chini, na kila kitenzi kinajua kimesimama ngazi ya ngapi. Kuna mambo huwezi kuyaomba ukiwa juu, kama vile kuna mambo huwezi kuyakataa ukiwa chini.

Na amri haziko nyumbani tu. Tazameni nusu ya pili ya filamu, ile ambayo vijana wameipenda. Rafiki yake Munezo, Yaichiro, aliyepelekwa Edo kwa shangwe, anarudishwa akiwa ndani ya kizimba, ameshiriki njama. Ananyimwa hata ile heshima ya kujiua kama samurai. Anatoroka, anajifungia kwenye nyumba ya mkulima na mateka. Hori, mkuu wa wazee wa ngome, anamwamuru Munezo akamuue, kwa kuwa wote wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, mzee Toda. Amri. Mke wa Yaichiro anakwenda kwa Hori kuombea roho ya mumewe, naye Hori anaupokea mwili wa mwanamke huyo, anatoa ahadi, na ahadi ile hakuwa na nia nayo hata dakika moja.

Kwa kupita tu: mzee Toda, mwalimu aliyeacha upanga akawa mkulima, amechezwa na Min Tanaka, ambaye kwa kazi ni mcheza dansi na kwa maisha yake ya kweli ni mkulima. Rudini mkamtazame anavyosimama. Sehemu ile haikuhitaji mwigizaji.

Mzee Toda anamfundisha Munezo mbinu ya kumpa adui mgongo. Mbinu inafanya kazi. Munezo anashinda, kwa jasho na hofu, mapanga yakigongana kama watu wanaopigania pumzi. Na hapo hapo risasi zinamfyeka Yaichiro kutoka kwa watu waliojificha. Wale wale waliokuwa hawawezi kutembea! Wameshajua. Ustadi wote wa mzee Toda, miaka yote ya mazoezi, umefutwa na vijana waliojifunza kupanga mkono na mguu. Yamada haweki muziki wa kilio. Moshi, basi.

Na lile kucha la zimwi lenyewe? Wengi mlisubiri upanga mrefu wenye ajabu. Kumbe ni kijisu chembamba, kitu cha kukaa mkononi. Mke wa Yaichiro amejiua. Munezo anapiga magoti kwenye ushoroba wa ngome kama afanyavyo kila mtumishi mkubwa anapopita. Hori anapita. Mguso mmoja, na tone la damu ambalo daktari hajui limetoka wapi. Nimefikiri sana juu ya magoti yale. Mbinu ya siri kuliko zote aliyofundishwa samurai huyu inahitaji ajishushe kwanza. Utii wake ndio uliokuwa ala ya kisu. Baada ya hapo hawezi tena kuwa samurai, na nadhani hata asingegunduliwa asingeweza. Mtu akishajua kwamba ameua akiwa amepiga magoti, atapigaje magoti tena kesho yake asubuhi kusalimia?

Kwa hiyo anapanda kilima. Hana cheo, hana mshahara wa mchele, hana mapanga. Hana mshenga, na kwao pia posa bila mshenga ni kituko. Anamwambia Kie anachotaka, kwa mara ya kwanza akiwa mtu asiye na haki ya kumwamuru mtu yeyote duniani.

Na Kie anamuuliza kama ni amri.

Mwanzo nilidhani ni mazoea, kwamba maskini hajui kusema na mwanamume huyu bila ngazi. Kisha nilimtazama usoni Takako Matsu, mwigizaji aliyezaliwa katika ukoo wa kabuki, ile michezo ya kuigiza ya jadi ya Kijapani, kwa hiyo si mtu wa kupoteza tabasamu bure. Kie anajua. Anajua bwana amekwisha, anajua amri haina nguvu tena, na analiokota neno lile kuukuu kama mtu anavyookota kanga ya bibi yake na kuifanyia pazia. Amelipa neno kazi nyingine. Naye Munezo, taratibu kama kawaida yake, anaelewa na kuitikia. Wale wawili wanacheza na kitu kilichowatesa maisha yao yote. Ndiyo maana tunacheka, na ndiyo maana kicheko kina maji maji.

Sitaki niwadanganye kwamba historia iliwangoja kwa upole. Mwaka 1868 utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ulianguka, na Shonai, lile jimbo lililompa Fujisawa Unasaka yake, lilikuwa upande wa shogun, likasalimu amri miongoni mwa ya mwisho kabisa. Mwaka 1871 majimbo yote yalifutwa. Mwaka huo huo samurai aliruhusiwa kukata kishungi, na ndoa kati ya madaraja ikaruhusiwa kisheria. Miaka kumi tu! Munezo na Kie wangevumilia miaka kumi wangeoana kwa sheria. Mwaka 1876 kubeba upanga hadharani kulipigwa marufuku, na mshahara wa mchele ukageuzwa hati za dhamana ambazo wengi waliziuza wakala.

Kijana mmoja pale mlangoni ameniuliza kama huko Ezo walifanikiwa. Filamu haisemi, na sitamsaidia Yamada. Nitasema tu kwamba Ezo lilikuwa chaguo la mtu mwenye akili. Bandari ya Hakodate ilikuwa imefunguliwa kwa biashara ya kigeni tangu mwaka 1859, palikuwa na meli, palikuwa na samaki wa kuuza, na hapakuwa na mtu wa kuuliza baba yako alikuwa daraja gani. Na nitasema pia kwamba vita vile vilivyoanza kusini mwaka 1868 vilipanda kaskazini hatua kwa hatua, na wafuasi wa mwisho wa shogun walikimbilia huko huko Ezo. Mapigano ya mwisho kabisa yalikuwa Hakodate, katikati ya mwaka 1869. Kama walikuwepo, waliisikia mizinga wakiwa dukani kwao. Mwaka huo huo kisiwa kikabadilishwa jina kikaitwa Hokkaido.

Mama mwenye kilemba cha kijani ameinua mkono tangu nilipotaja karatasi ya talaka. Mpelekeeni kipaza sauti.